Mguu wa Kushoto wa Mama Mdogo

Mimi ni mkalimani wa hospitali. Mkongomani akiugua hapa Kampala, na hajui Kiganda wala Kiingereza, anaingia kwa daktari na mimi naingia naye. Yeye anasema Kiswahili chetu cha kule Bukavu, mimi nageuza, daktari anajibu, nageuza tena. Nimefanya kazi hiyo miaka kumi na mitatu, na watu walizoea kunisifu. "Huyu mama ukienda naye unamaliza haraka," walisema, na mimi nilikuwa natembea kifua mbele. Sasa nikisikia sifa hiyo naona haya mpaka masikio yanawaka moto. Nitasema kwa nini, na sitajitetea, maana nimejaribu kujitetea peke yangu chumbani na haikusaidia kitu.

Mama mdogo ninayemsema ni mdogo wake mama yangu. Mama alifariki nikiwa na miaka tisa, huyu akanichukua, akanisomesha mpaka nikawa mwalimu wa shule ya msingi, na vita vilipotufukuza tulivuka mpaka pamoja, yeye na kifurushi chake, mimi na changu. Hapa Nateete tumepanga vyumba viwili vinavyoshikana, ukuta mmoja katikati. Anauza sombe, yale majani ya muhogo, yakiwa yametwangwa tayari, pamoja na ndagala, wale dagaa wa kwetu, waliokaushwa, na Wakongomani wa huku wote wanamjua. Nywele zimekwisha kuwa nyeupe zote. Kiganda chake kinaishia kwenye kutaja bei, na Kiingereza chake hakipo kabisa.

Miaka kumi na moja iliyopita aliteleza mlangoni akavunjika mkono, pale karibu na kiganja. Ukapona. Lakini daktari wa mifupa, mwanamke mpole mwenye sauti ya chini, akasema mkono hauvunjiki kirahisi vile kama mifupa haijaanza kulegea, akampima, akaandika dawa. Kidonge kimoja kwa wiki. Unakimeza asubuhi kabla ya kula, kwa maji bilauri nzima, halafu hulali tena kwa nusu saa, unakaa wima au unasimama. Na daktari akamalizia hivi, namkumbuka vizuri sana, laiti ningekuwa nimesahau: "Atumie miaka mitano, kisha arudi tumwangalie, tuone kama inafaa aipumzishe."

Mimi nikamgeukia mama mdogo nikamwambia: "Anasema umeze kila wiki, usiache. Ukiacha utavunjika nyonga, na nyonga ikivunjika kwa umri wako, ndiyo basi."

Daktari hakutaja nyonga. Hakusema usiache. Hayo niliyatoa mwenyewe kichwani, papo hapo, bila hata kupepesa macho.

Nilikuwa na sababu, ndiyo. Mama mdogo alikuwa amekwisha kuacha dawa za presha mara mbili kwa sababu eti "nasikia mwili uko sawa". Nikajua nikimtajia miaka mitano, atasikia mitano tu, na baada ya miezi mitano atasema imetosha. Nikajiambia namsaidia. Kwenye ile semina ya siku tatu waliyotupa kabla ya kutupatia vitambulisho, mwalimu alituambia mkalimani hana ruhusa ya kuongeza wala kupunguza. Mimi nilicheka kimoyomoyo. Nikasema huyu hajawahi kuongea na watu wa kwetu, hajui kwamba mtu wa kwetu ukimpa neno tupu bila chumvi halimkai. Ndivyo nilivyokuwa nafanya kwa wagonjwa wote. Daktari akisema "jaribu kupunguza chumvi", mimi nasema "daktari amekataza chumvi, ukila utakufa". Mgonjwa akisema maneno mia, mimi natoa kumi. Nilidhani huo ni ufundi.

Basi akawa anameza kila Jumapili kabla ya kwenda kanisani. Nami kila Jumapili nagonga ukuta: "Mama mdogo, umemeza?" Anajibu, "Nimemeza, nimesimama." Nusu saa nzima anasimama dirishani akiimba polepole nyimbo za kwaya, kwa sababu aliambiwa asilale. Dawa zikiisha nachukua pakiti tupu, napeleka kwenye duka la dawa mjini, wanatazama jina, wananipa nyingine. Hakuna aliyeniuliza ni ya tangu lini. Miaka mitano ikapita, hata sikuikumbuka. Ikapita sita, saba. Naapa sikukaa nikapanga ubaya. Nilisahau tu, kwa kuwa neno lenyewe nilikuwa nimelitupa siku ileile.

Mwaka juzi mwishoni akaanza kulalamika paja.

"Hapa," alisema, akabandika kiganja katikati ya paja la kulia. "Si nyama. Ni ndani, kwa mfupa." Nikamwambia ni kukaa kwenye kile kigoda akitwanga sombe. Baadaye la kushoto nalo likaanza, pale pale katikati. Nikamwambia ni uzee, na mimi mwenyewe yananiuma. Nikamkanda kwa dawa ya kuchua. Alikuwa akisimama kutoka kwenye kigoda anatulia kwanza amejishika kwenye mlango, kama anasubiri ruhusa ya mtu, ndipo anatembea. Nilikuwa namtania. "Haya bi harusi, tembea, watu wanangoja!" Watoto wa majirani wanacheka, na mimi nacheka kuliko wao.

Siku moja akasema hawezi tena, nimpeleke. Nikampeleka kwenye kliniki moja ya karibu. Foleni ndefu, joto, na mimi saa sita nilitakiwa kuwa Mbuya kumkalimania mgonjwa mwingine. Tukaingia. Kijana wa kliniki akauliza: anaumwa wapi? Mama mdogo akaanza. Akaeleza paja la kulia, akaeleza la kushoto, akaeleza kwamba ni mfupa na si goti wala mgongo, kwamba akikaa linapoa, akipanda ngazi linachoma, kwamba lilianza polepole tu bila kugonga wala kuanguka. Alieleza kwa mpango kabisa, kama mtu aliyefanya mazoezi usiku. Na mimi nikatazama simu, nikaona saa tano na nusu.

Nikamwambia yule kijana: "Miguu inamuuma, hasa magoti. Umri."

Jamani. Yeye hakutaja goti isipokuwa kulikataa.

Wakampiga picha ya magoti. Magoti yalikuwa magoti ya mtu mzima wa kawaida, yamelika kidogo. Wakampa vidonge vya maumivu. Tulipokuwa tunatoka akanivuta mkono, akasema, "Mbona wamepiga goti? Mimi sikumwambia goti."

"Mama mdogo, mguu ni mguu," nikamjibu, nikasimamisha boda.

Wiki hiyo hiyo, Jumapili, niligonga ukuta na hakujibu. Nikaenda. Nikamkuta amekaa kitandani, kidonge kiko mkononi. Akaniuliza, kwa upole, "Mwanangu, hii dawa haiwezi kuwa ndiyo inaniumiza? Nimeimeza muda mrefu mno." Nikamwambia, nayaandika kama nilivyoyasema, "Dawa ya mifupa itaumizaje mifupa? Tumia akili, mama mdogo." Nikamletea maji nikasimama pale mpaka akameza.

Mama aliyenilea. Eti tumia akili.

Miezi mitatu baadaye, asubuhi ya Jumamosi, nilisikia kitu kama ukuni mkavu unavunjwa, halafu yowe. Nikatoka mbio. Alikuwa chini, uani, chini ya kamba ya nguo, na kitenge kibichi kimemfunika nusu. Hapakuwa na utelezi. Sakafu ilikuwa kavu, na yeye alikuwa amesimama tu anaanika. Paja la kulia lilikuwa limepinda mahali ambapo mtu hapindi. Alinishika nguo akawa anarudia neno moja: "Mguu umevunjika ndiyo nikaanguka. Umesikia? Umevunjika kwanza. Ndiyo nikaanguka."

"Ndiyo, ndiyo, tulia," nikamwambia. Nani alikuwa na masikio ya kusikia mpangilio wa mambo saa hiyo? Jirani mwenye gari akatubeba.

Hospitalini nesi wa mapokezi akaniuliza kwa Kiganda imekuwaje. Nikajibu, "Ameteleza akaanguka." Akaandika hivyo. Sijui hata neno kuteleza nililitoa wapi. Labda kwa sababu wazee wote wanaoletwa pale wameteleza, na mimi nilikuwa na sentensi hiyo tayari mdomoni.

Wakamfunga mguu, wakamtundikia uzito, wakamtuliza kwa sindano. Jumatatu akaja daktari bingwa wa mifupa, mwanaume wa makamo asiye na haraka. Aliinua ile picha kwenye mwanga wa dirisha akaitazama muda mrefu. Akaniita niione, labda kwa sababu nilikuwa na kitambulisho shingoni. Mfupa wa paja, ule mnene kuliko yote mwilini, ulikuwa umekatika moja kwa moja upande hadi upande, kama muwa. Na pale ulipokatikia, ukuta wake wa nje ulikuwa umevimba kidogo, umetoka kijidomo.

"Mfupa huu hauvunjiki hivi kwa mtu kuteleza," akasema. "Muulize ilikuwaje hasa."

Nikamuuliza. Mama mdogo akasema kile kile alichokuwa anakisema tangu Jumamosi: ulivunjika kwanza, ndipo akaanguka. Nikageuza. Daktari akaitikia kwa kichwa kama mtu anayesikia anachokitegemea. "Kuna dawa yoyote ya mifupa anayotumia?"

Nikakumbuka pakiti za Jumapili.

Nikageuza swali. Na mama mdogo, amelala pale na uzito umening'inia mguuni, akachangamka! Akajibu kwa fahari, kama mtoto aliyefanya kazi zote za shule. Ndiyo, kila Jumapili, miaka kumi na moja. Hakukosa hata Jumapili moja. Yule daktari wa mkono alimwambia asiache kamwe, akiacha atavunjika nyonga, na yeye hakuacha.

Nikageuza maneno hayo kwa Kiingereza. Yote, moja baada ya jingine, bila kuongeza, bila kupunguza. Mara ya kwanza katika maisha yangu nilifuata sheria ya ile semina, na niliifuata ili nijifiche nyuma yake.

Daktari akakunja uso. Akaeleza, nami nikageuza, kwamba dawa hiyo ni nzuri, imewaokoa watu wengi wasivunjike, na mtu asiiache kwa kusikia habari ya mwingine. Lakini mfupa, alisema, kila siku unajibomoa kidogo na kujijenga, ndivyo unavyoziba nyufa zake ndogondogo. Dawa inapunguza ule ubomoaji. Ikikaa mwilini miaka mingi bila mtu kuangaliwa, kwa watu wachache sana zile nyufa haziponi, zinakusanyika mahali pamoja, na mara nyingi mtu anasikia maumivu ya paja wiki au miezi kabla mfupa haujakatika. Halafu akasema, kwa hasira ya kimyakimya, "Sijui ni daktari gani huyo anayempa mama dawa hii miaka kumi na moja na kumwambia asiache."

Nilikuwa namjua. Ni mimi, niliyekaa pale mbele yake. Nikamwacha yule mwanamke mpole abebe mzigo wangu.

"Alisikia maumivu ya paja kabla?"

"Mwaka mzima," mama mdogo akasema. Akanitazama. "Nilisema. Wakanipiga picha ya goti." Nikageuza hayo pia, huku natazama shuka.

"Na paja la kushoto? Maana ugonjwa huu hupenda kushika miguu yote miwili."

Mama mdogo akautazama mguu wake wa kushoto. Kisha akasema, "Hapana. La kushoto haliumi."

Mimi nilijua si kweli. Alhamisi, siku mbili kabla ya kuvunjika, alikuwa amesimama mlangoni akibonyeza paja la kushoto kwa ngumi mbili. Mimi ndiye niliyemwambia aache kudeka. Lakini kusema hivyo mbele ya daktari ilikuwa ni kusema vyote: kwamba nilijua, kwamba niliambiwa mwaka mzima, kwamba neno goti ni langu, na lile neno usiache ni langu. Mgonjwa amesema hapana. Kazi ya mkalimani ni kusema alichosema mgonjwa.

Nikasema, "No."

Daktari akaandika. Akasema la kushoto atalipiga picha hata hivyo, lakini baadaye, mgonjwa akiweza kusogezwa bila tabu, kwa vile halimuumi. Kesho yake atatia chuma kirefu ndani ya mfupa wa kulia, na asubuhi itakayofuata mama wa mazoezi ya viungo atamsimamisha, auelemee mguu wa kushoto ulio mzima.

Mguu ulio mzima. Nililala na maneno hayo siku mbili. Nilijua wanachotaka kukifanya, nilijua mguu huo si mzima, na nilikuwa naenda kuchota maji, kufua kanga zake, kumpikia bugali, napita hapa na pale kama mtu mwenye shughuli. Mara kumi niliamua kusema na mara kumi nikajipa sababu. Labda linauma kidogo tu. Labda mwenyewe anajua mwili wake. Ajabu, ndiyo kwanza nikawa naheshimu anachojua juu ya mwili wake.

Upasuaji ukaenda vizuri. Asubuhi ya Jumatano akaja yule mama wa mazoezi na chuma cha kutembelea cha miguu minne. Akamkalisha mama mdogo ukingoni mwa kitanda. Akaniambia, "Mwambie ashike hapa, aweke uzito wote kwa huu wa kushoto, halafu asimame kwa mara moja."

Mama mdogo alikwisha kuelewa kwa ishara. Akashika. Akautelemsha mguu wa kushoto sakafuni, na unyayo ulipogusa nikaona midomo yake inabana. Nikamtazama, akaangalia pembeni haraka. Mikono yake ikaanza kujivuta juu ya kile chuma.

"Asisimame!" Nilipiga kelele mpaka wagonjwa wa vitanda vya jirani wakageuka. "Mrudishe! Asisimame, naomba, niitie daktari. Mguu huo nao unauma. Unauma tangu mwaka jana!"

Yule mama akamrudisha kitandani haraka. Daktari alikuwa kwenye wodi hiyo hiyo, akaja. Nikamwambia pale pale, nimesimama. Nilianza na Alhamisi. Kisha mwaka mzima wa mapaja. Kisha kliniki, na saa yangu, na goti. Alidhani nimemaliza, akageuka kuagiza picha, nikamshika mkono wa koti, jambo ambalo katika miaka yangu yote sijawahi kumfanyia daktari. Nikamwambia bado. Nikamwambia yule daktari wa mkono alisema miaka mitano kisha arudi, na mimi ndiye niliyesema usiache kamwe. Neno la nyonga pia ni langu. Huyo daktari hana kosa, niliomba afute kile alichokuwa akimfikiria.

Hakunigombeza. Heri angenigombeza. Aliuliza tu, "Wewe ni mkalimani aliyesomea?" Nikasema ndiyo. Akatazama kitambulisho changu, akatazama chini, akaenda kuagiza picha.

Ndipo nikasikia nyuma yangu, "Ulikuwa unamwambia nini muda wote huo?"

Mama mdogo alikuwa amekaa, ameegemea mto. Hakuelewa hata neno moja, lakini macho anayo. Alikuwa hajawahi kuniona nikiongea na daktari kwa muda mrefu hivyo.

Nikakaa kwenye ukingo wa kitanda nikamwambia. Kwa Kiswahili chetu ilikuwa ngumu kuliko kwa Kiingereza. Kwa Kiingereza nilikuwa natoa taarifa. Kwa Kiswahili nilikuwa namwambia mama yangu kwamba maneno aliyoyafuata miaka kumi na moja, akisimama dirishani nusu saa kila Jumapili, hayakuwa ya daktari. Yalikuwa yangu. Nililia kabla sijafika kwenye goti. Yeye hakulia. Alikuwa anasikiliza na kutingisha kichwa kidogo, kama anayehesabu.

Nilipomaliza nikamuuliza, "Kwa nini ulisema la kushoto haliumi?"

"Niliposema linauma, ulisikia?" akaniuliza. Hakupandisha sauti. "Mwaka mzima nimesema. Nikaona kusema kwangu ni kelele. Nikachoka, mwanangu."

Picha ya kushoto ikatoka kabla ya saa nane mchana. Daktari akatuonyesha. Mfupa haukuwa umekatika, lakini mahali pale pale, ukuta wa nje umevimba kijidomo, na ndani ya kijidomo kimstari cheusi chembamba, chembamba hata nilikitafuta kwa macho mara mbili. Ufa. Alisema mama mdogo angesimama kwa mguu ule asubuhi, huenda ungeshika na huenda ungekatika. Alishauri nao utiwe chuma mapema, kabla haujaamua wenyewe. Akaleta fomu ya kukubali, akanigeukia mimi nimweleze.

Nikafungua mdomo. Mama mdogo akainua kiganja.

"Wewe toka nje," akasema. "Waniletee mtu mwingine anieleze."

Ilibidi niligeuze hilo kwa Kiingereza mimi mwenyewe, maana hapakuwa na mwingine. Nikaligeuza: anaomba mkalimani mwingine. Daktari akasema sawa. Nikatoka.

Walimleta mwanamke mmoja wa Goma, mkalimani mwenzangu, mpole, wa kuuliza uliza, ambaye mimi nilikuwa namwita konokono kwa jinsi anavyochelewa na wagonjwa. Alinisalimia kwa heshima akapita. Nilikaa kwenye benchi la koridoni nikitazama mlango. Alipotoka akasema mama amekubali, ametia dole gumba, na alikuwa na maswali mengi. Nikamuuliza maswali gani. Akaniangalia kwa huruma, akasema, "Hayo ni yake, dada." Miaka kumi na moja nilikuwa naingia na mama mdogo kwa madaktari, na sikuwahi kujua kwamba ana maswali.

Mguu wa kushoto ulitiwa chuma Ijumaa. Haukuvunjika. Dawa ile ikasimamishwa, wakampangia kurudi kupimwa mifupa. Zile wiki sita za kwanza nilimwogesha, nikamgeuza, nikammwagia chombo chake cha haja, na hakuninunia hata siku moja. Alinishukuru kwa kila kitu, asante ya maji, asante ya chakula, kama anavyomshukuru jirani. Hilo ndilo lilinichoma zaidi. Mimi kazi ya ukalimani niliiacha mwezi mzima, kisha nikarudi, na sasa nageuza kila neno, hata kikohozi. Watu wananilalamikia kwamba nimekuwa mzito.

Sasa anatembea kwa fimbo moja, na sombe anauza tena, ingawa kazi ya kutwanga nimeichukua mimi. Kliniki anakwenda na yule mwanamke wa Goma. Mimi nabeba mkoba wake mpaka mlangoni, kisha nakaa kwenye benchi.

Mwezi uliopita waliingia saa tatu kasoro robo. Walitoka saa nne imeshapiga. Nikasimama, nikampa fimbo, nikamuuliza, "Mama mdogo, daktari amesema nini?"

"Amesema niko salama," akajibu.

"Ni hayo tu?"

"Ni hayo tu," akasema, akanishika bega tuanze kutelemka ngazi.